Kubadilisha kioo cha mbele cha Morris Minor ya turubai

Kioo cha kwanza nilichokitia kwenye Morris yangu kilidumu usiku mmoja. Nilimaliza Ijumaa jioni, majirani wakaja kukitazama, nikasifiwa nikasifika, nikaenda kulala. Alfajiri natoka kwenda kusali nakuta ufa umeanzia kona ya chini upande wa dereva, umepanda mpaka katikati. Hakuna aliyeigusa gari, hakuna jiwe lililoruka, wala nazi iliyodondoka. Nilipokitoa tena ndipo nilipomwona mkosa: donge la kutu, dogo kuliko punje ya kunde, lililosalia kwenye ukingo wa bati chini ya mpira unaokishika kioo. Hewa ilipopoa usiku bati lilijikunja kuliko kioo, donge likakibana mahali pamoja, na kioo hakijui kubanwa mahali pamoja.

Ndiyo maana katika maelezo haya maneno mengi yatakwenda kwenye bati na machache kwenye kioo. Kukitia kioo chenyewe ni kazi ya asubuhi moja, watu wawili. Kukitayarishia pa kukaa ni wiki mbili, na hapo huna uvivu.

Gari ninayoizungumza ni Morris Minor 1000 ya turubai, yaani ile ambayo paa lake ni la kitambaa linalokunjwa. Morris Minor ilitoka mwaka 1948, kazi ya Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kuibuni Mini. Za mwanzo zilikuwa na vioo viwili bapa vilivyokutana katikati. Ilipotoka Minor 1000 mwaka 1956 wakaweka kioo kimoja chenye kupinda, na za turubai ziliendelea kuundwa mpaka 1969. Gari nyengine yoyote ya zama hizo ambayo kioo chake kimeshikwa na mpira, njia ni hii hii. Gari za michezo kama MGB ni habari nyengine: kioo kimo ndani ya fremu ya aluminiamu inayofunguliwa nzima kwa bolti, na bolti za chuma zilizokaa miaka hamsini ndani ya aluminiamu katika hewa ya chumvi kama ya kwetu hazifunguki kwa dua peke yake. Zitie mafuta ya kulegeza kutu kila jioni, wiki nzima, kabla hujazigusa kwa spana.

Kioo cha kuagiza na kioo cha kukata

Vioo vya gari ni vya namna mbili. Kuna kilichokazwa kwa moto, ambacho kikivunjika kinakuwa punje punje kama mawe ya chumvi. Na kuna cha matabaka, yaani vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa na ngozi ya plastiki katikati. Hiki kikipigwa kinapasuka lakini kinabaki mahali pake. Gari nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 zilitoka kiwandani na kile cha kukazwa. Usirudishe hicho, hata ukikipata bure. Kwenye gari iliyofungua turubai, jiwe la lori la kifusi likikipiga, punje zile zote zinakuja usoni na upepo nyuma yake.

Kuvijua ni rahisi. Tazama ukingo: cha matabaka kina mstari katikati ya unene wake, kama tambi iliyobanwa kati ya biskuti mbili. Kama ukingo umefichwa na mpira, vaa miwani ya jua ile yenye polaroidi uinamishe kichwa huku na huku. Kioo kilichokazwa kwa moto kitakuonesha mabaka na madoa yaliyopangana, cha matabaka hakina.

Wenye Morris za kabla ya 1956, na wenye Land Rover za zamani zile ambazo fremu ya kioo inalala juu ya boneti, mna bahati. Vioo vyenu ni bapa. Fundi vioo wa mjini anayejua kazi atakukatia kutoka kwenye bamba la kioo cha matabaka: anakwaruza upande mmoja, anakwaruza wa pili, anavunja, kisha anailainisha ile ngozi ya katikati na kuikata kwa wembe. Mpelekee kile cha zamani kama kigezo, au karatasi ngumu uliyoikata kwa kuipima ndani ya fremu yenyewe. Asikukatie kioo cha dirisha la nyumba, hata akikuapia kwamba ni kizito. Kioo cha dirisha kikivunjika kinatoa visu.

Sisi wa kioo cha kupinda hatuna njia ila kuagiza. Uingereza vipuri vya Morris Minor bado vinatengenezwa na vioo vya matabaka vinapatikana. Waandikie kwamba gari ni ya turubai, taja mwaka wake, na wapelekee vipimo viwili: upana kwa juu na kimo katikati, vikifuata mzingo wa kioo kwa futi ya mshoni. Kwa Volkswagen Beetle angalia zaidi, maana zile za turubai zilizoundwa na Karmann kioo chake hakilingani na cha Beetle ya paa la bati. Mtu anaweza kukuuzia kwa nia njema kabisa kitu kisichoingia.

Kuhusu safari yake: kioo kinasafiri kimesimama kwa ukingo, hakilali. Kikilala, kila tuta la njia linakikunja kwa uzito wake. Mimi changu kilipitia Dar es Salaam, na pale Malindi, bandarini Unguja, nilimkuta hamali ameshakilaza kwenye mkokoteni na gunia la vitunguu liko njiani kuwekwa juu. Nenda mwenyewe bandarini. Chukua godoro la sponji la mtoto, likunje, kioo kiwe katikati, funga kwa kamba laini, kisimame nyuma ya kiti cha gari. Ukifika nyumbani kiegemeze ukutani juu ya vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa na kitambaa, mahali ambapo kuku na watoto hawapiti.

Pamoja na kioo agiza mpira mpya, na kama gari yako inatumia ufito wa kufungia, ule unaoingizwa ndani ya mpira ili ubane, agiza na ufito. Nasema hili kwa sababu ya tabia yetu ya kurudisha vitu vya zamani: mpira uliokaa juani miaka ishirini umekuwa mkavu kama ganda la mhogo. Unaweza ukaingia, lakini hautashika. Ukifika, utoe kwenye mfuko uukunjue. Huwa umekuja umezongwa kama ukili unaosubiri kushonwa mkeka, na ukiutia hivyo hivyo kona zitakataa kukaa.

Wakati na mahali

Usianze kazi hii masika. Bati ulilolisugua asubuhi litakuwa na kutu mpya jioni, na rangi haitakauka. Kaskazi ni wakati mzuri kwa sababu jua linalainisha mpira lenyewe, bila ya maji ya moto. Wenzetu wa nchi za baridi wanautia mpira kwenye beseni la maji ya moto. Mimi nauanika juu ya bati la banda nusu saa, basi.

Gari yenyewe ikae kivulini, lakini si chini ya mnazi. Hilo halihitaji maelezo. Chini ya mwembe nako, msimu wa maembe, ni mashaka matupu.

Na muhimu kuliko yote: gari isimame kwa magurudumu yake manne, juu ya sakafu iliyo sawa, tairi zimejaa upepo, milango imefungwa. Usikitie kioo gari ikiwa juu ya jeki. Gari yenye paa la bati ni kama sanduku, inajishikilia yenyewe. Gari ya turubai ni kama sanduku lililotolewa kifuniko. Nguvu yake yote imo kwenye sakafu na vile vizingiti vilivyo chini ya milango. Ukiinua pembe moja kwa jeki, fremu ya kioo inakwenda upande kidogo, jicho halioni. Unatia kioo, unashusha jeki, fremu inarudi, na kioo kinasikia.

Jaribu hivi kabla hujaagiza chochote: fungua mlango, uufunge taratibu kwa kidole. Kama unalazimika kuunyanyua ndipo ufunge, vizingiti vimekwisha kuliwa na gari imekaa tumbo. Hapo peleka kwa fundi wa bodi achomelee vizingiti vipya kwanza. Kioo kitangoja.

Kukitoa cha zamani

Piga picha kila upande, karibu, kabla hujagusa kitu. Baada ya wiki mbili hutokumbuka ulimi wa mpira ulikuwa umelala vipi kwenye kona.

Toa mikono ya waipa, kioo cha kutazamia nyuma, na vile vipande vya urembo vilivyozunguka fremu. Turubai ifungue vifungio vyake vya mbele uikunje nyuma kabisa. Tandika blanketi juu ya boneti. Ndani funika dashibodi, na matundu ya hewa ya hita yazibe kwa utepe wa karatasi. Hita ya Morris huku kwetu haina kazi nyengine ila kufuta ukungu wakati wa mvua, lakini matundu yake yakimeza vigae vya kioo, siku utakayoiwasha ndipo vitakapotoka.

Kama kioo kimepasuka, bandika utepe mpana juu ya nyufa zote, ndani na nje. Vaa glavu za ngozi na miwani. Kisha kata ulimi wa nje wa mpira kwa kisu kikali, kuzunguka kote, mpaka uone ukingo wa kioo wenyewe. Usijaribu kuuokoa mpira, kata. Msaidizi akae nje mikono imetangulia kupokea, wewe ukae ndani, weka viganja kwenye kona za juu, sukuma polepole, kona hii kisha ile. Kitatoka kama jino la mtoto: kinakataa, kinakataa, halafu kinakuja chote kwa mara moja. Ndiyo maana mtu wa nje asiwe anazungumza na simu.

Mpira wa zamani usiutupe. Utautazama tena.

Bati

Sasa ndiyo kazi. Ukibandua mabaki ya mpira kwenye ukingo wa chini, hasa kwenye zile kona mbili, utakuta kutu imeota kama ukoko wa wali chini ya chungu: juu nyeusi na ngumu, ukiichokonoa na bisibisi inabanduka kwa tabaka, na chini yake kuna unga mwekundu. Maji huingia kwa juu, yanateremka ndani ya mfereji wa mpira, yanatulia kwenye kona hizo. Na maji yetu yana chumvi, iwe ya upepo wa kusi au ya kisima.

Hili la kisima nalisema maalumu. Visima vingi vya karibu na pwani maji yake ni ya magadi au ya chumvi chumvi. Ukioshea gari maji hayo unaitia kutu kwa mkono wako. Mimi naoshea maji ya mvua niliyoyakinga kwenye pipa.

Chokonoa mpaka ufike kwenye bati linalong'aa. Tumia brashi ya waya, kisha msasa mkali, umalizie na msasa laini. Pitisha kidole kwenye ukingo, kuzunguka kote, ukiwa umefumba macho. Si mzaha, jicho linadanganywa na rangi, kidole hakidanganywi. Kila kidonge, kila tone la kulehemu, kila ncha, ipige tupa mpaka kidole kiteleze. Donge lililonivunjia kioo ningelilijua kwa kidole kwa dakika moja.

Palipotoboka pakatwe na pachomelewe bati jipya. Kuna mafundi watakaokuambia wajaze kwa puti. Puti haishiki mpira na haibebi kioo. Baada ya mwaka itabanduka pamoja na rangi yake, na maji yatapata njia pana kuliko mwanzo. Uchomeleaji nao uwe wa vidoti vidoti, huku na huku, kungoja kila mahali papoe. Ukichomelea mstari mrefu kwa mara moja ukingo unajikunja, na hapo umejitengenezea tatizo jipya la gharama zaidi.

Baada ya kuchomelea, pima. Chukua kamba isiyovutika, au futi ya chuma, upime kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, kisha ile nyengine. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita chache, fremu imekaa upande, arudi fundi wa bodi.

Halafu paka dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosforiki, ikae kama maandishi ya chupa yanavyosema, ioshe, ikaushe vizuri juani. Paka rangi ya msingi ya epoksi mara mbili, kisha rangi ya gari. Usiweke matabaka mazito kwenye ukingo, maana mfereji wa mpira una kipimo chake. Sasa acha. Siku tano, na kama mawingu yametanda, wiki. Rangi ambayo juu imekauka na ndani bado mbichi, mpira utaigandamiza na kuibandua, na umerudi ulipoanzia.

Kabla ya mpira, jaribu kioo kikavu. Kata vipande sita vya mpira wa maji wa bustani, viweke juu ya ukingo wa chini na pembeni kama vigingi, kisha mkiweke kioo taratibu. Tazama nafasi iliyobaki kati ya kioo na bati, kuzunguka kote. Ikiwa sawa, Alhamdulillahi. Ikiwa pana hapa na finyu pale, afadhali ujue leo. Gonga kwa ncha ya kidole kila kona: kikitingishika kama meza yenye mguu mfupi, mzingo wa kioo na mzingo wa fremu havikubaliani, na hakuna mpira utakaovisuluhisha.

Kamba

Osha kioo, kikaushe, kilaze juu ya blanketi mezani, tumbo la mzingo likiwa limeelekea chini. Mpira una mifereji miwili: mmoja unameza kioo, wa pili unameza ukingo wa bati. Tazama mpira wa zamani na picha zako ujue upi ni upi. Vika mpira kwenye kioo kuanzia katikati. Usiuvute ili ufike. Mpira uliovutwa utarudi nyuma baada ya mwezi na kukuachia pengo kwenye kiungio. Kama umekuja kwa mita, ukate uwe mrefu kwa sentimita moja au mbili, uusukume ndani uingie kwa kubanana. Kiungio kikae katikati ya upande, kisikaribie kona.

Sasa kamba, ile itakayovutwa ili kuurusha ulimi wa mpira juu ya bati. Inatakiwa ya nailoni, iliyosokotwa, laini, unene wa milimita nne hivi, ndefu kuliko mzunguko wa kioo kwa mita nzima. Maduka ya vifaa vya uvuvi wanayo. Uzi wa mshipi ni mwembamba mno, unakata mpira kama wembe. Kamba ya usumba nayo mbaya, ina nywele, inakwama.

Ilaze kamba ndani ya ule mfereji wa bati, kuzunguka kote. Kwa vidole utachoka. Toa wino kwenye kalamu ya biki, pitisha kamba ndani ya ganda lake, kisha tembeza ganda ndani ya mfereji, linapanua mdomo na kuiacha kamba nyuma yake. Anza chini katikati na umalizie hapo hapo, ncha mbili zipishane kama shibiri moja, mikia yake ining'inie upande wa ndani ya gari. Ibandike mikia hiyo kwenye kioo kwa utepe isije ikachomoka.

Koroga sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kopo, paka kwa brashi kwenye mfereji na kwenye ukingo wa bati. Usitumie mafuta ya nazi, ingawa atatokea mtu atakayekushauri, na grisi pia usitumie. Mafuta yanauvimbisha mpira na hayakauki. Kioo kitaendelea kuteleza kila gari inaporuka tuta. Sabuni inakauka na kuuacha mpira ushike.

Siku niliyokitia cha pili nilikuwa na mtoto wa kaka yangu. Tulikinyanyua, tukakikalisha juu ya ukingo wa chini, yeye nje, mimi ndani nimepiga magoti kwenye kiti. Akaweka viganja viwili chini katikati akaegemea kwa uzito wake. Nikashika mkia mmoja wa kamba nikauvuta kuelekea kwangu, si pembeni, kuelekea tumboni mwangu, taratibu. Ulimi wa mpira ukanyanyuka, ukaruka juu ya bati na kujilaza ndani. Sauti yake ni ndogo, kama ulimi wa mtu anayeonja embe.

"Ami, umeingia?"

"Umeingia. Sogea kushoto, unifuate."

Ndivyo inavyokwenda kazi yote. Wa nje anabonyeza pale pale wa ndani anapovuta, wanasogea pamoja. Vuta upande wa chini kwanza, nusu kwa mkia huu na nusu kwa ule. Kisha kona za chini, na hapo punguza mwendo kabisa, sentimita kwa sentimita. Panda pembeni, kulia kidogo na kushoto kidogo, usimalize upande mmoja ukauacha mwengine nyuma. Juu ni mwisho.

Kamba ikikataa, usivute kwa nguvu. Pakeni sabuni tena, wa nje apige kwa kiganja kilichokunjuliwa, mapigo laini ya kupapasa, karibu na ukingo na kamwe si katikati. Ngumi haina kazi hapa, wala nyundo ya mpira. Ikikataa mara ya tatu, kitoeni, muanze upya. Mimi na kijana wangu tulikitoa mara mbili. Mara ya kwanza ulimi ulijikunja kwenye kona, mara ya pili kamba ilikatika kwa sababu nilifanya ubahili nikatumia ya zamani.

Kama mpira wako una ufito wa kufungia, unautia sasa. Ufito huo ndio unaoupanua mpira ubane. Unahitaji kifaa chenye pete mbele na kipini nyuma. Nilikitengeneza kwa spoku ya baiskeli niliyoikunja na kuikandika kwenye kipini cha bisibisi iliyovunjika. Sabuni nyingi, pete ndani ya mfereji, ufito ukipita ndani ya pete, unasukuma na kutikisa. Kiungio cha ufito kisiangukie juu ya kiungio cha mpira.

Maji

Mimi sipaki kitu chochote kabla ya kujaribu maji. Mpira mzuri juu ya bati zuri mara nyingi hautaki msaada. Siku ile ya kioo cha kwanza nilikuwa nimeshamimina silikoni tyubu nzima, na jirani yetu mmoja, fundi wa majahazi, alisimama akanitazama, akaniuliza, "Sheikh, unatia kioo au unapiga kalafati?" Nilicheka, lakini aliona sawa. Nilikuwa naziba nilichoshindwa kukikalisha. Zaidi ya hapo, ile silikoni inayonuka siki ina asidi ndani yake. Inapokauka inalila bati pale pale unapodhani unalikinga.

Acha gari saa ishirini na nne. Kisha saga chaki ya skuli, nyunyiza unga wake kando ya mpira kwa ndani, kuzunguka kote. Mtu mmoja akae ndani, turubai ikiwa imekunjwa, mwengine amimine maji kwa kopo, aanzie chini, apande kidogo kidogo. Ukianzia juu hutojua yameingia wapi, kwa sababu maji yanaingia kona ya juu na kutokea gotini mwa dereva. Unga wa chaki unapolowa unaacha mstari, nao unakuonesha mlango wao.

Palipovuja, inua ulimi wa nje kwa kijiti cha mianzi, si bisibisi, na uchokoze ndani mastiki ya vioo isiyokauka, kidogo tu, kati ya mpira na bati. Inayofurika ifute kwa kitambaa chenye spiriti.

Turubai

Hapa ndipo wengi wanapovunja kioo kizuri walichokitia vizuri. Turubai iliyokaa imekunjwa siku kumi na tano imejikaza. Ukiivuta mbele na kuifunga kwa nguvu kwenye fremu, unaivuta fremu nyuma pamoja na kioo chake. Iache juani wazi saa moja au mbili ilegee, kisha uifunge. Kama bado haifiki, legeza skrubu za vifungio uvisogeze. Usiite vijana wawili wavute.

Wiki ya kwanza endesha barabara ya lami tu, na mlango ufungwe kwa mkono, usipigwe, hasa vioo vya pembeni vikiwa juu na turubai imefungwa, kwa sababu hewa iliyo ndani inasukuma kioo cha mbele. Baada ya wiki pitisha kidole tena kuzunguka mpira. Ulimi ulioinuka mahali urudishe kwa sabuni.

Kisha kuna tabia ya abiria. Gari ya turubai haina paa la kushika, kwa hiyo kila anayepanda au kushuka anashika ncha ya juu ya fremu ya kioo na kujivuta kwa uzito wake wote. Kwangu watoto wote wa mtaa wanalijua sharti: mkono ukionekana kwenye fremu, mwenye mkono anashuka na kwenda kwa miguu. Mpaka sasa walioshuka ni wawili, na mmoja wao ni mama mkwe wangu.